Mchwa madarasani: Kinga ianzie chini ya sakafu

Shule zinapofunguliwa baada ya likizo ya Desemba, mwalimu anayeshika ufunguo wa stoo huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni ya wezi. Ya pili ni ya mgeni asiyevunja kufuli wala kupiga hodi. Niliwahi kushuhudia stoo ya shule moja ya msingi ikifunguliwa mwezi wa Januari. Rundo la vitabu vya kiada lilikuwa limesimama mahali pake, zima kwa kulitazama, lakini mwalimu aliponyosha mkono na kukitwaa kitabu cha juu, rundo lote likabomoka mithili ya ukuta wa matope ulionyeshewa. Majalada yalikuwapo. Ndani mlijaa udongo mwekundu, wenye unyevunyevu, uliofinyangwa kwa ustadi wa kustaajabisha. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa sakafu, wakapita nyuma ya rafu na kuanza kula kuanzia chini, na muda wote huo mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli mbili.

Yamkini wahenga walipotuambia kwamba bandu bandu huisha gogo, walikuwa wamemtazama mdudu huyu kazini. Hasara anayotutia tumeizoea mno hata hatuiiti hasara. Miimo ya milango inapolegea, kenchi zinapopinda na madawati yanapobaki maganda, wazazi huitwa mkutanoni na kuchangishwa fedha za ukarabati, kisha mambo huendelea kama yalivyokuwa. Kwa upande mwingine, ujenzi haujasimama. Tangu mwaka 2003, fedha za maendeleo ya maeneo bunge zimejenga madarasa kila pembe ya nchi. Mnamo 2021 na 2022 serikali ilianzisha mpango wa kujenga madarasa 10,000 kwa ajili ya mtaala mpya wa umilisi. Tumesikia mengi kuhusu idadi ya madarasa hayo, rangi zake na nani aliyekata utepe. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kilichowekwa chini ya sakafu kabla ya zege kumwagwa. Swali hilo si dogo, maana jibu lake ndilo litakaloamua iwapo mbao za darasa hilo zitadumu.

Ni haki kumtendea mchwa insafu kabla ya kumhukumu. Zipo spishi za mchwa zipatazo 3,000 duniani, na wanaodhuru majengo ni wachache miongoni mwao. Waliosalia ni wachukuzi na wakulima wanaorejesha majani makavu na magogo yaliyooza udongoni, na kumbikumbi wao ni kitoweo kinachongojewa kwa hamu huko Magharibi na Nyanza mvua za kwanza zinapoanguka. Wale wa jamii ya Macrotermes na Odontotermes, ambao wamejaa kwetu, hawategemei matumbo yao pekee kusaga mbao. Huzitafuna, wakazipeleka nyumbani na kuoteshea kuvu katika bustani zilizo ndani ya kichuguu, kisha wakala mavuno. Uyoga mtamu unaochipuka juu ya kichuguu wakati wa mvua ni matunda ya bustani hiyo hiyo. Kwa mdudu wa namna hiyo, kitabu cha Hisabati ni mbolea ya shamba.

Hata hivyo, ana udhaifu mmoja ambao mjenzi mwerevu anaweza kuutumia. Mchwa mfanyakazi ni kipofu na ngozi yake ni laini. Jua na upepo mkavu humwua upesi. Kwa hiyo hasafiri nje. Hutoka ardhini kupitia nyufa, au kandokando ya bomba lililopenya sakafu, na akifika penye mwanga hujenga vichochoro vya udongo ukutani ili atembee humo. Ufa wa milimita mbili ni barabara kuu kwake. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote: akizuiwa pale udongo unapokutana na jengo, hana njia nyingine. (Wapo mchwa wa mbao kavu, hasa pwani, wanaoishi ndani ya ubao wenyewe bila kugusa ardhi. Hao hawahusiki na makala haya, na anayekuahidi kuwamaliza kwa kunyunyizia msingi anakudanganya.)

Kwa miongo kadhaa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, njia ya kumzuia ilikuwa nyepesi. Dawa zenye klorini, kama vile aldrini, dieldrini, klordeni na heptaklori, zilichanganywa na maji na kumiminwa ndani ya msingi mara moja tu, na mwenye nyumba akasahau habari ya mchwa kwa kizazi kizima. Katika majaribio yaliyofanywa kwenye jimbo la Mississippi, Marekani, klordeni iliyowekwa udongoni iliendelea kuwazuia mchwa kwa zaidi ya miaka 20. Fundi gani angekataa dawa ya namna hiyo?

Lakini sifa hiyo ndiyo iliyoziponza. Sumu isiyooza udongoni haiozi mahali pengine pia. Hupenya hewani ndani ya nyumba, huingia katika mafuta ya miili ya wanyama na ya binadamu, na hata katika maziwa ya mama anyonyeshaye. Marekani ilikomesha matumizi yake dhidi ya mchwa mnamo 1987 na 1988, na sehemu kubwa ya Australia ikafanya hivyo mwaka 1995. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka dawa hizo nne katika orodha ya kwanza ya kemikali 12 zilizopaswa kuondolewa duniani. Hapa kwetu, klordeni na heptaklori zilipigwa marufuku mwaka 1986, ilhali aldrini na dieldrini ziliendelea kuruhusiwa kwa kazi ya mchwa wa majengo hadi mwaka 2004. Maana yake ni kwamba yapo majengo ya shule, yaliyojengwa kabla ya mwaka huo, ambayo huenda yamekalia sumu hiyo hadi leo. Mwalimu anayepanga kubomoa darasa la zamani na kuwapa wanafunzi kifusi wapandie mboga hana budi kulifikiria jambo hili kwanza.

Dawa zilizorithi kazi hiyo zina tabia tofauti. Kloripirifosi na zile za jamii ya pareto ya kutengenezwa viwandani huvunjwavunjwa na viini vya udongo, na maji na joto huzimaliza nguvu. Kwa mazingira hilo ni jambo jema. Kwa jengo ni tatizo, kwa kuwa jengo linataka kukaa miaka 40 na dawa haitaki. Tena udongo wetu wenye joto huiharakisha kazi hiyo, na penye asili ya magadi au chokaa, kama ule wa matumbawe ya pwani, kloripirifosi huoza upesi zaidi. Kipimo kilichotosha katika nchi ya baridi hakiwezi kuaminiwa Kilifi.

Binadamu akiona dawa haidumu, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Huongeza dawa, au huacha kujali. Yote mawili nimeyaona. Katika eneo moja la ujenzi nilimkuta kijana akimwaga maji meupe kama maziwa juu ya changarawe kwa debe la rangi, miguu yake ikiwa mitupu, bila glavu wala kitambaa puani. Kwingineko niliona maji ambayo hayakuwa hata na weupe. Nilipouliza, niliambiwa kwamba dawa 'imeshawekwa'. Baada ya nusu saa zege lilifunika kila kitu, na tangu hapo hakuna mkaguzi ambaye angeweza kuthibitisha wala kukanusha kauli hiyo. Kazi ya dawa ya mchwa ni miongoni mwa kazi chache katika ujenzi ambazo ushahidi wake huzikwa siku ile ile inapofanywa. Si ajabu kwamba ndiyo inayochezewa zaidi.

Na kloripirifosi yenyewe si ya kuchezea, sembuse mahali penye watoto. Mwaka 2000 Marekani ilianza kuiondoa majumbani kwa kuhofia madhara yake kwa ubongo wa mtoto unaokua, na mnamo 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, zilipokutana Geneva, ziliiongeza katika orodha ya kemikali za kuondolewa, ingawa ziliacha nafasi za matumizi machache. Anayeendelea kutegemea dawa hiyo kwa madarasa mapya anategemea mlango ambao umekwisha kuanza kufungwa.

Je, tumebaki bila njia? La hasha. Njia ipo, na wengi wetu tunalala chini yake kila usiku bila kuitambua. Chukua chandarua chenye dawa ya muda mrefu. Vyandarua vya aina moja, ambavyo vimekuwa vikitengenezwa Arusha tangu mwaka 2003, havikuchovywa katika dawa. Permethrini ilichanganywa ndani ya plastiki kabla ya uzi kusokotwa. Uzi ni ghala, na uso wa uzi ni duka. Kinachosuguliwa au kufuliwa dukani hujazwa tena kutoka ghalani, chembe kwa chembe, bila ya mtu kufanya lolote. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linakitaka chandarua cha aina hiyo kistahimili kufuliwa mara 20 na kitumike kwa miaka 3, hali chandarua kilichochovywa kienyeji hupoteza dawa yake baada ya kufuliwa mara chache.

Kanuni hiyo hiyo inaweza kuwekwa chini ya jengo. Sumu huchanganywa na plastiki na kutengenezwa punje, au hufungiwa kama tabaka la katikati katika karatasi pana ya plastiki, kisha karatasi hiyo hutandazwa juu ya changarawe kabla ya zege. Ikiwa ya namna inayofaa, hufanya pia kazi ya ile nailoni nyeusi tunayotandaza kuzuia unyevu. Nchini Australia karatasi za namna hiyo, zenye dawa kama deltamethrini au bifenthrini, zimetumika kwa zaidi ya miaka 20. Sumu hutoka kidogo kidogo na kuushika ukanda mwembamba tu. Mchwa akifika hapo hugeuka au hufa. Dawa iliyobaki imo ndani ya plastiki, ambako mvua haiisombi na viini vya udongo havijaifikia.

Mwalimu wa kemia ana somo zuri hapa, na anaweza kulichora ubaoni kwa mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa dawa iliyomiminwa: siku ya kwanza uko juu sana, kupita kiasi kinachohitajika, halafu unateremka haraka, na baada ya miaka michache uko chini ya kiasi kinachomzuia mchwa. Mstari wa pili ni wa dawa inayotolewa polepole: haupandi juu, bali unatambaa karibu na kiasi hicho kwa muda mrefu. Eneo lililo chini ya mistari hiyo ndicho kiasi cha sumu kilichowekwa ardhini. Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba ile sehemu kubwa ya mstari wa kwanza iliyo juu ya kiasi kinachotakiwa ilikuwa ni sumu ya bure, iliyolipiwa, iliyovutwa na yule kijana mwenye debe, na isiyomzuia mchwa hata mmoja zaidi.

Tulikosea tulipodhani kwamba ili kinga idumu ni lazima sumu yenyewe iwe haiozi. Dieldrini ilidumu popote ilipokwenda, awe samaki au mtoto mchanga. Sumu iliyofungiwa ndani ya plastiki hudumu pale tu ilipo ghala lake. Chembe inayotoka nje huoza kama kawaida. Kudumu kumeondolewa katika sumu na kupewa chombo chake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tofauti inayoifaa shule, kwa kuwa mwanafunzi anayekaa juu ya sakafu hiyo yuko hapo saa nane kwa siku, na hakuulizwa.

Isitoshe, jambo hili si geni katika kilimo cha misitu barani Afrika. Aldrini na dieldrini zilipoanza kuondolewa, wapandaji wa mikaratusi walibaki na miche inayotafunwa mizizi. Punje za karbosulfani inayotoka polepole, zikiwekwa pamoja na mche shimoni, ziliweza kuulinda hadi uimarike. Anayekumbuka namna miche ya siku ya kupanda miti inavyonyauka mmoja baada ya mwingine shuleni ataelewa thamani ya jambo hilo. Nayo deltamethrini na dada zake zinatokana na kuigwa kwa ua letu la pareto, ambalo Kenya iliongoza duniani kwa kulikuza katika sehemu kubwa ya karne iliyopita. Tulikuwa na malighafi, wengine wakawa na maabara. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Nisije nikaonekana mchuuzi wa dawa, acha niseme pia ubaya wake. Kuifungia sumu hakuifanyi kuwa maziwa. Katika miaka ya 1970 Wamarekani waliifungia dawa kali ya shambani ndani ya vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kwa nia njema ya kumkinga mkulima. Kumbe vifuko hivyo vilikuwa na ukubwa wa chavua. Nyuki wakavikusanya pamoja na chavua, wakavipeleka mzingani na kuwalisha watoto wao. Polepole ile ile iliyokuwa salama kwa mkulima ikawa msiba kwa nyuki. Kila chombo cha sumu, basi, kiulizwe kitaishia wapi. Chini ya zege hakuna nyuki, lakini iko siku jengo hilo litabomolewa, na plastiki hiyo itachimbuliwa na watu wasiojua ni nini. Dawa za jamii ya pareto ni hatari kubwa kwa samaki. Vipande vyake havipaswi kutupwa mtoni wala kuchomwa uani.

Kisha kuna bei. Karatasi ya namna hii ni ghali kuliko debe la dawa, na kamati ya shule isiyo na fedha za chaki itashangaa kuambiwa habari zake. Sina jibu la kuipendeza kamati hiyo, ila kuiomba ihesabu pia bei ya kenchi mpya, milango mipya na vitabu vipya. Tena karatasi ikichanwa na beleshi, au ikikatwa ovyo pale bomba linapopita bila kuzibwa, imekuwa mapambo. Mchwa hahitaji tundu kubwa. Kwa sababu hiyo siamini kwamba teknolojia peke yake itatuokoa. Mwashi asiyesimamiwa ataiharibu karatasi ya bei ghali kama alivyoizimua dawa ya bei rahisi. Walakini kuna tofauti moja kubwa: karatasi huonekana. Unaweza kuipima kwa futi, kuihesabu na kuipiga picha. Maji meupe hayapimiki baada ya kunywewa na ardhi. Kwa nchi yenye tabia zetu za zabuni, hiyo pekee ni hoja nzito.

Ziko pia kinga zisizo na sumu hata kidogo. Wataalamu wa California walionyesha mwaka 1957 kwamba tabaka la chembe za mawe zilizochaguliwa ukubwa, nzito mno kubebwa kwa taya na zilizobanana mno kupitika, humkwamisha mchwa. Waya wa chuma usioshika kutu wenye matundu madogo kuliko kichwa chake hufanya vivyo hivyo. Ningependa sana kuona wahandisi wa vyuo vikuu vyetu wakilijaribu hili kwa kokoto zetu na kwa mchwa wetu, kwa kuwa ukubwa wa chembe uliofaa huko haufai lazima kwa mchwa wa Machakos. Mpaka hapo, kuunganisha karatasi yenye dawa pembezoni na penye mabomba, pamoja na ujenzi safi, ni njia ya kati inayoweza kutekelezwa sasa. Ujenzi safi maana yake ni mambo ambayo kila fundi mzee anayajua: vipande vya mbao na mizizi visizikwe chini ya sakafu, mwimo wa mlango usizamishwe udongoni, na ukuta uachwe wazi sentimita kadhaa juu ya ardhi ili kichochoro cha udongo kionekane kikijengwa. Bustani ya maua iliyorundikwa hadi dirishani inapendeza siku ya wazazi, lakini inamfichia mchwa njia.

Kwa madarasa yaliyokwisha kujengwa, ushauri wangu ni mfupi. Msimwage dawa ndani ya darasa wakati wa muhula. Kagueni kuta kila mwezi, vunjeni vichochoro, na ondoeni masanduku ya vitabu sakafuni. Ikibidi dawa itumike, iwe likizoni, na iwekwe na mtu mwenye ujuzi, nayo iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, ambayo iko kwa mujibu wa sheria inayohusu bidhaa hizo. Chupa isiyo na nambari ya usajili, hata kama muuzaji ni binamu ya mwenyekiti, irudishwe dukani.

Wizara ya Elimu inaweza kulimaliza jambo hili kwa ukurasa mmoja. Hati za zabuni za madarasa huwa na mstari mmoja tu unaosema dawa ya mchwa iwekwe, bila kutaja ni dawa gani, kwa kipimo gani, wala ni nani atakayeshuhudia. Mstari huo ufutwe, na badala yake itajwe aina ya kinga, eneo lake kwa mita za mraba, namna ya kuziba penye mabomba, na miaka ambayo mwanakandarasi ataiwekea dhamana. Nakala ya maelezo hayo, pamoja na mchoro wa mahali kinga ilipolazwa, ikae katika faili ya shule, ili atakayelibomoa jengo mwaka 2070 ajue anachochimba. Na siku ya kumwaga zege, Mwalimu Mkuu na mjumbe mmoja wa wazazi wawepo asubuhi, kabla ya toroli la kwanza, wakiwa na utepe wa kupimia na kamera ya simu.